Sekunde za Kuelea

Jumatatu, 7 Oktoba

Prof Casimir amesema daftari la maabara ni la namba peke yake: uzito wa panya, dozi, sekunde. "Séraphine, mambo ya moyo uandikie kwako," akaniambia, kwa sababu wiki iliyopita niliandika pembeni kwamba panya namba nne anatia huruma. Basi nimenunua hili hapa sokoni, la kurasa mia. Akitaka kulisoma ataniomba, na sitampa.

Kazi yetu ni hii. Kule Kirungu, juu milimani, kuna uyoga mgumu unaoota kwenye miti iliyokufa. Akina mama wa kule wanauita sikio la muti. Wanaukausha, wanautwanga, wanampa mfiwa aliyekaa miezi bila kuinua kichwa. Prof anataka kujua kama unafanya kazi kweli au ni maneno ya kufarijiana. Panya weupe ishirini na sita waliondoka Bukavu, gari mpaka Uvira, halafu boti mpaka kituo chetu cha utafiti hapa kando ya ziwa. Wawili walifia njiani na Prof alisikitika kuliko mimi nilipofiwa na baba.

Mimi nina sababu yangu. Mudogo wangu Gracieuse alijifungua mwezi wa tano, mtoto mzima, Nadine, kilo tatu na nusu. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyemkosea. Alijifungua, na wiki ya tatu akazima. Analala anatazama ukuta, mtoto analia, anamsikia, hanyanyuki. Mume wake Jean-Luc anafanya kazi Kabimba, anakuja Jumamosi, anamletea watu wa maombi wanaopiga kelele mpaka mtoto anaruka. Mimi nilimpeleka hospitali. Daktari akampa vidonge, kimoja kila jioni, akasema asivikatize. Sasa ni wiki ya saba. Anakula kidogo. Ameanza kumshika Nadine, ila anamshika kama mzigo wa jirani.

Nimehamia kwake tangu Agosti. Nalala chumba kimoja na mtoto.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza ya kweli. Ndoo zote zimejaa. Gracieuse hakunyanyuka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo tulijaribu kipimo kwa panya mmoja, kuona kama chupa zinafaa. Kipimo chenyewe ni cha kijinga ukikitazama, lakini dunia nzima wanakitumia. Unachukua chupa kubwa ya kioo, unatia maji ya vuguvugu, unamweka panya. Hawezi kupanda, hawezi kugusa chini. Mwanzo anaogelea, anazunguka, anakwaruza kioo. Halafu anachoka kutafuta. Anabaki anaelea tu, pua nje. Dakika sita, na katika nne za mwisho unahesabu sekunde alizoelea bila kujaribu lolote. Aliyekata tamaa anaelea sana. Dawa ikiwa nzuri, anaendelea kupambana. Muda ukiisha unamtoa, unamfuta, unamweka penye joto. Hafi yeyote.

Papa Onésime alikuwa mlangoni. Ndiye anayewalisha panya na kusafisha vizimba. Ni mutu wa Mboko, kule kaskazini ya ziwa, alivua samaki miaka thelathini mpaka bega likakataa. Dakika ya tatu akasema:

"Mama Séra, huyu anakufa."

"Hafi, Papa."

"Anaelea."

"Kuelea njo kile tunachopima."

"Sisi kwetu tukiona kichwa ndani ya maji, hatupimi. Tunanyoosha mukono. Hata kikiwa cha mbuzi."

Akatoka, akasimama nje kwenye mvua mpaka tulipomaliza. Nilikasirika. Kazi yake ni kulisha na kusafisha, si kunihukumu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumeanza. Panya ishirini na nne, makundi matatu ya wanane wanane, kila kundi na rangi ya kadi yake kizimbani. Kadi nyeupe wanapewa maji matupu. Kadi ya bluu wanapewa kidonge cha hospitali kilichosagwa, kilekile cha Gracieuse, kikiyeyuka hakionekani. Kadi ya kahawia wanapewa uyoga, na maji yake ni ya kahawia kweli, yananuka moshi. Kila asubuhi ninashika shingo ishirini na nne na kutia dawa mdomoni kwa kibomba cha sindano. Vidole vyangu vimeng'atwa vyote.

Papa Onésime aliuliza wanaumwa nini.

"Huzuni," nikamjibu bila kugeuka.

"Wote?"

"Hao wa kahawia njo wa dawa. Wengine ni wa kulinganisha tu, Papa. Niache nifanye kazi."

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua. Jua hakuna, betri zimekufa saa nne, tumepima uzito kwa tochi ya simu. Gracieuse, wiki ya kumi: vilevile.

Jumapili, 3 Novemba

Nimegombana na Jean-Luc. Alisema vidonge vya wazungu vinamlaza mke wake. Nikamwambia shida si kulala, shida ni kuamka. Gracieuse alikuwa anatusikia kutoka kitandani. Hakusema yuko upande wa nani.

Baadaye aliniuliza, akiniita dada mkubwa kama zamani, "Yaya, panya wako wanaendelea?" Ni swali lake la kwanza tangu mwezi wa sita. Nilimweleza yote: chupa, dakika sita, sekunde. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama yule anayeelea anaumia. Nikasema hatujui, tunajua tu ameacha.

"Labda anapumzika," akasema.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya kipimo. Prof mwenyewe alishika saa, na hakujua panya yupi katoka kizimba kipi, kadi nilizificha mimi. Tulianza saa mbili, tukamaliza saa tisa, hatukula. Papa Onésime alibaki muda wote safari hii, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anawafuta panya na kitambaa nikimpa. Nilimwona anatabasamu mara mbili na nikasema afadhali amezoea.

Kwa wastani, wa maji walielea sekunde 151. Wa kidonge, 97. Wa uyoga, 52.

Nilihesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu. Wale wa kahawia waliogelea mpaka dakika ya mwisho, wanazunguka taratibu, wanaangalia juu. Prof alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Séraphine, uyoga wa akina mama wa Kirungu umeshinda kidonge." Kisha akasema turudie kwa panya wengine kabla ya kumwambia mutu yeyote. Nikasema ndiyo, Prof. Nilitaka kulia kwa furaha, na nililia, kule stoo, nimeegemea gunia la chakula cha panya.

Jumatano, 20 Novemba

Nimebeba unga wa uyoga nyumbani, ndani ya kopo la Blue Band. Kipimo cha mutu ninakijua, alinifundisha Mama Émérence anayetuletea kutoka Kirungu: kijiko asubuhi, kijiko jioni, ndani ya maji ya moto.

Gracieuse alitazama kikombe.

"Na vidonge?"

"Acha. Vimekupa nini? Wiki kumi na mbili, mdomo mkavu tu."

"Daktari alisema visikatizwe."

"Daktari hajaona namba zangu."

Alikunywa. Akakunja uso kwa uchungu wake. Vidonge vilivyobaki nimevifungia kwenye sanduku langu.

Ijumaa, 29 Novemba

Leo nimerudi nikamkuta amekaa nje na Nadine mapajani. Amekaa tu. Lakini nje.

Jumatatu, 2 Desemba

Tumeanza duru ya pili, panya wapya waliozaliwa hapahapa. Kadi zilezile, kipimo baada ya sikukuu.

Jumatano, 4 Desemba

Amecheka. Nilikuwa namwigiza Prof anavyomfukuza panya chini ya meza, akacheka mpaka akaweka mkono mdomoni. Mungu wangu, nilisahau sauti ya kicheko chake.

Jumapili, 8 Desemba

Amenisuka. Saa tatu nzima, vidole vyake kichwani mwangu, anapiga umbea wa jirani zetu mmoja mmoja. Asubuhi na jioni sasa namwachia kikombe chumbani, nikirudi kiko kitupu, kimeoshwa. Mwenyewe anasema anasikia nguvu.

Jumapili, 15 Desemba

Jean-Luc alinishika mikono yote miwili, akasema, "Yaya, umenirudishia mke." Nilijibu ni kazi ya sayansi. Nilijisikia mrefu kama mlingoti. Niandike ukweli: sijawahi kufurahi hivi maishani mwangu, si siku ya diploma, si siku yoyote. Natembea kwenye matope ya barabara ya kituo naimba.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Gracieuse alivaa, alikwenda misa, aliimba. Mama mmoja kanisani alimbeba Nadine akasema mtoto ni mwepesi. Nikasema ni meno.

Ijumaa, 3 Januari

Ziwa limepanda tena, nyumba za chini zimeingiwa maji. Nadine amelia siku nzima. Meno.

Jumapili, 5 Januari

Nimekaa na kalamu tangu saa nane.

Baada ya misa nilipita kituoni kuchukua mwavuli wangu. Jumapili hakuna mutu pale isipokuwa Papa Onésime. Mlango wa chumba cha panya ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la plastiki, mikono ya shati imekunjwa. Kizimba cha kadi ya kahawia kiko pembeni yake, wazi. Ndani ya beseni panya mmoja anaogelea. Mzee anamsemesha kwa Kibembe, polepole, kama unavyosemesha mtoto. Panya akaanza kuchoka, akaanza kuelea. Mzee akapitisha kiganja chini ya tumbo lake, akamwinua, akamfuta, akamweka kwenye kitambaa, akachukua mwingine.

"Papa, unafanya nini?"

Hakushtuka. Alifurahi kuniona. "Nawafundisha maji, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wale wa kwanza. Kila Jumapili, siku ya Mungu. Ninyi munawatia ndani ya chupa dakika sita bila kuwafundisha. Kwetu mutoto hapandi mutumbwi mbele ya kujua maji. Unamutia, anachoka, unamutoa. Unamutia tena. Akijua mukono utakuja, haachi kuogelea."

Nilikaa kwenye ile ndoo. Nikamuuliza kwa nini hao wa kahawia tu. Kwa nini si nyeupe, si bluu.

"Ulisema hawa njo wa dawa," akasema. "Dawa anapewa mugonjwa. Wale wengine wanakunywa maji safi, si wazima? Mimi ni mutu mumoja, bega langu bovu, siwezi kufundisha wote. Nikaanza na wagonjwa."

Hakuna baya alilofanya. Mutu anakwambia panya wana huzuni na unawatupa majini, naye maisha yake yote ametoa watu majini. Alifanya la maana kuliko sote. Na kila namba niliyo nayo ni yake, si ya uyoga. Hamsini na mbili ni ya kiganja chake. Uyoga huenda ni moshi na uchungu tu, na mimi sijui, hakuna ajuaye, na mudogo wangu ana wiki sita na nusu bila kidonge.

Nilimwambia awarudishe kizimbani. Nilikuja nyumbani mbio. Gracieuse alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe. Akaniuliza mwavuli uko wapi.

Jumatatu, 6 Januari

Nimemwambia Prof. Alisikiliza amesimama. Alichukua kalamu nyekundu, akakata kurasa zote tangu Oktoba, mstari mmoja wa mshazari kila ukurasa, bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya. Akasema Papa Onésime akae kwake mpaka aitwe. Sikusema ni mimi niliyemjibu vibaya mzee siku ile. Nilikuwa nayo mdomoni na nikaimeza.

Papa Onésime alivaa koti lake, akaniuliza nani atawalisha. Nikasema mimi.

Nyumbani: sijamwambia Gracieuse. Nikimwambia dawa ni bure, si nitamvunja? Ameamka, anapika, anasuka. Labda kwa panya ni kiganja na kwa yeye ni uyoga kweli. Labda vyote viwili si uongo. Nikitoa vile vidonge sandukuni nitamwambia nini?

Jumanne, 7 Januari

Sijamwambia.

Jumatano, 8 Januari

Sijamwambia. Mvua usiku kucha. Aliniuliza kama panya wameniudhi, maana sili. Nikasema nimechoka tu. Akanitengenezea chai.

Ijumaa, 10 Januari

Ya jana naandika leo.

Saa saba mchana jirani yetu, Mama Syntiche, alinitumia mutu kituoni. Nadine alikuwa analia ndani ya nyumba tangu asubuhi, mlango umefungwa kwa nje. Wamevunja kufuli. Mtoto alikuwa katikati ya kitanda, amezungushiwa mito vizuri pande zote ili asianguke, nguo zake zote zimefuliwa na kukunjwa, chupa tatu za maziwa ya unga zimepangwa. Ndipo nilipojua Gracieuse hana maziwa. Titi limekauka, sijui tangu lini. Mimi ninayepima uzito wa panya kila asubuhi sikumpima mtoto hata mara moja.

Tulitafuta kando ya ziwa kwanza, kila mutu alikimbilia ziwani. Niliuliza wavuvi, niliuliza wanaoanika dagaa. Ni muuza makala, gunia la makaa kichwani, aliyeniambia alipita asubuhi akaona mwanamke amekaa juu ya reli, mbele ya daraja dogo, akadhani anapumzika.

Nilimkuta saa kumi. Amekaa katikati ya reli, miguu ameikunja vizuri, kitenge kimeloa mpaka kimekuwa cheusi. Mbele yake reli, nyuma yake reli, nyasi zimeota kati ya mataruma.

"Gracieuse. Unafanya nini hapa?"

"Nangoja treni."

Treni ya mwisho ilipita siku kumi na tisa zilizopita. Hakuna ajuaye nyingine ni lini. Mji mzima unajua hivyo, na yeye pia anajua, au alijua siku alipokuwa mzima.

"Nimekaa sana, Yaya," akasema. "Haiji."

Sikuweza kumnyanyua. Nilikaa naye palepale, mvua inatupiga, mpaka Jean-Luc, aliyepigiwa simu Kabimba, akafika na watu na pikipiki.

Jumapili, 12 Januari

Hospitali. Chumba cha vitanda sita, yeye wa dirishani. Jean-Luc anambembeleza Nadine kwenye baraza. Daktari ni yuleyule. Hakunigombeza. Aliuliza tarehe ambayo vidonge vilikatwa, akaiandika, akaniambia vitaanza upya, na itachukua wiki nne au sita kujua kitu, na wiki hizo mgonjwa asiachwe peke yake hata dakika moja.

Nikamwambia Gracieuse yote. Beseni, mzee, kadi ya kahawia, kalamu nyekundu. Nikamwambia nilijua tangu Jumapili na nilinyamaza siku nne kwa sababu nilipenda kuwa mutu aliyemponya. Nikasema uyoga ule niliompa sijui hata kama ni kitu.

Alikuwa anatazama dari.

"Sikuunywa," akasema.

"Nini?"

"Niliunywa siku tatu. Ulinitapisha. Halafu nikawa naumwaga nyuma ya choo, naosha kikombe."

Nikamuuliza basi kucheka kule, na kusuka, na kuimba kanisani. Nikamuuliza nani alimsaidia kuamka. Nilikuwa bado natafuta dawa, hata pale.

"Hakuna aliyeamka," akasema. "Nilikuwa najilazimisha. Ukiingia mlangoni najilazimisha, ukitoka nalala chini, hapohapo sakafuni, mpaka nisikie unarudi."

"Mbona hukuniambia?"

Akageuza kichwa akanitazama.

"Ulikuwa umefurahi, Yaya. Tangu utoto wetu sijakuona hivyo. Ulikuwa unaimba njiani, nakusikia kutoka mbali. Nikasema, acha mmoja wetu apone."

Muuguzi alikuja saa kumi na mbili na kidonge na maji. Siku hizi sheria ni kuangalia. Gracieuse alimeza, akafungua kinywa, akainua ulimi, akageuza shavu moja, akageuza la pili. Niliinama nikatazama kila upande, vizuri, kama ninavyotazama panya. Hakikuwemo. Nikamwambia asante, akafumba macho, na mimi nikaandika saa kwenye karatasi ya kitandani.